Maji Yaliyokuja kwa Nyuma

Bi Mize alishuka kwenye basi la Kigoma mwezi wa kumi, mwaka sabini na tano, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kulainisha udongo wa Kasulu. Alikuwa na mkeka, kikapu na birika la shaba. Vitu vyake vingine vyote vilikuwa baharini.

Mwanawe, Omary, alikuwa bwana mifugo wa serikali. Mkewe, Odilia, alikuwa Muha wa Kitanga, mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani ambako wateja waliiona tokea barabarani. Walikuwa na binti mmoja, Generosa, wa miaka minne. Nyumba yao ilikuwa katika mojawapo ya vijiji vipya vya njia ya Kabanga, mwaka ambao watu wengi walikuwa bado wanaezeka, na ilijengwa mahali serikali ilipopima: chini ya barabara, juu kidogo ya bonde.

Odilia alikuwa amekwisha kuambiwa na mumewe kwamba mji wa kwao, Chokaani, haupo tena. Alidhani ni namna ya kusema tu, kama watu wasemavyo kwamba kijiji kimekufa, wakiwa na maana kuwa vijana wamekihama.

Asubuhi ya kwanza alisikia kitu kikiburutwa sebuleni. Alitoka akamkuta mama mkwe wake amepandisha gunia la mahindi juu ya meza, na juu ya gunia amemkalisha Generosa, amemfunga kanga kifuani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

"Mkaza mwanangu," Bi Mize alisema kwa sauti ya chini, "mwamshe mume wako. Maji yamefika."

Odilia alitazama nje. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mweupe, uliotulia, umefika hadi kwenye migomba ya jirani. Vilele vya vilima vya ng'ambo vilikuwa vimejitokeza peke yavyo. Alikuwa ameuona ukungu ule tangu alipozaliwa, na hakuwahi kufikiri kwamba unafanana na kitu kingine.

Omary alimshika mama yake mkono, akampeleka nje, akamwinamisha aguse majani. Walisimama hapo mpaka jua likapanda na ukungu ukaanza kuchanika. Bi Mize akaona maharage, akaona njia, akaona mbuzi wa watu. Akajicheka. Omary naye akacheka, lakini Odilia aliona kwamba mumewe hakuuachia mkono wa mama yake mpaka bonde lote lilipoonekana.

Mambo yangeishia hapo, kama si chumvi.

Siku hiyo Odilia alikuwa anapika mlenda. Bi Mize alichota chumvi kidogo kwa ncha ya kidole, akailamba.

"Hii mnaletewa kutoka pwani?"

"Hapana, mama. Ni ya Uvinza. Treni yako ilipita pale."

"Uvinza kuna bahari?"

"Hakuna. Maji ya chumvi yanatoka chini ya ardhi, watu wanayachemsha."

Bi Mize aliufuta mkono wake kwenye kanga, polepole. "Yanatoka chini."

"Ndiyo, tangu enzi za mababu."

"Na huko chini yamefikaje?"

Odilia alikoroga mlenda wake. Tangu siku hiyo kila ndoo ya maji iliyoletwa kutoka chemchemi, Bi Mize aliionja kwanza kabla mtu mwingine hajainywa. Alionja, akatulia, akatema, kisha akaruhusu.

Mchana mmoja, Odilia alipokuwa akishona, alikuja kukaa nao Esteri, mwanamke wa Kirundi aliyeuza mawese na ndizi. Alikuwa amekimbia mauaji ya kwao kando ya ziwa mwaka sabini na mbili. Wenzake wengi walikuwa wamepelekwa kwenye makazi ya mbali, yeye akabaki kwa Waha waliompa kipande cha shamba juu kilimani, kwenye mawe, mahali ambapo wapimaji hawakupataka. Esteri hakupenda kusimulia ya kwao, ila alipenda kusikiliza. Ni yeye aliyeuliza, akimwita Bi Mize bibi kizee kwa lugha yake, "Mukecuru, mji mzima unaliwaje na maji?"

Bi Mize akawasimulia.

Chokaani ilijengwa na wachoma chokaa. Mbele ya mji, baharini, palikuwa na mwamba mrefu wa matumbawe, na mawimbi makubwa yalivunjikia huko, nje, yakafika ufukweni yamechoka. Maji yalipokupwa, wanaume walikwenda na mitaimbo kuchimba mwamba, wakauchoma kwa magogo ya mikoko, wakapata chokaa nyeupe kuliko ya mahali popote. Kwa chokaa hiyo walijenga nyumba zao na msikiti wao. Kisha wakaanza kuiuza. Majahazi yalikuja kutoka miji mingine, Mjerumani akaja akanunua, Mwingereza akaja akanunua zaidi. Babu yake Bi Mize alichimba, baba yake akachimba, mumewe akachimba.

"Hakuna aliyeona kwamba mnakula ukuta wenu wenyewe?" aliuliza Odilia.

"Mwamba ulikuwa mkubwa, mwanangu. Mtu mmoja anachukua tenga lake. Tenga moja ni nini?"

Kwanza ilianguka minazi ya ufukweni. Watu wakasema ni upepo. Kisha kisima cha karibu na pwani kikaingia chumvi, wakachimba kingine nyuma yake. Kisha makaburi ya wazee yakafunguka, watoto wakawa wanaokota mifupa wakidhani ni matumbawe, na mji wote ukahamisha maziko yake upande wa juu. Mihrabu ya msikiti ikapasuka. Kila mara watu walirudi nyuma kidogo, wakajenga tena, kwa chokaa ileile. Na wazee wa mji walisema bahari ina mwisho wake, itasimama.

"Ilikuwa masika, bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu," Bi Mize alisema. "Sote tulikuwa tunaitazama mbele. Wanaume wameweka magunia ya mchanga mbele. Kumbe bahari imezunguka, imepita kwenye mkondo wa mikoko, ikatujia nyuma. Asubuhi, kimya, haina hata wimbi. Nilifungua mlango wa uani nikaona weupe mtupu, ua haupo. Dada yangu Saumu alikuwa anaishi nami. Tulitoka, maji yakiwa ya kifundo cha mguu. Akaniambia, ngoja, najua njia, nachukua sufuria na msahafu. Akarudi ndani. Ukuta wa chokaa ukilowa chini haukupi habari. Unakaa chini tu, kama mtu aliyechoka."

Esteri alitikisa kichwa, akaangalia pembeni. Odilia aligundua kwamba mguu wake umesimama juu ya kanyagio la cherehani na hajui umesimama tangu lini.

Hofu ni kama upele. Odilia hakutaka kuipata, lakini aliipata. Siku moja, akiwa peke yake kwenye chemchemi, alichota maji kwa kiganja akayaonja, na kwa kitambo kidogo alihisi chumvi. Akaonja tena. Hapakuwa na kitu. Akaonja mara nyingine, kisha akajitwisha ndoo akapanda haraka, akajionea aibu, asimwambie mtu.

Mwezi wa kumi na mbili Omary alipelekwa Kibondo kuchanja ng'ombe wa vijiji vipya vya Busunzu. Gari la ofisi lilipoondoka mvua ilianza, na haikuonyesha kwamba ina haraka ya kwenda popote. Daraja la njia ya Kibondo likasemekana limekatika. Ukungu sasa haukuondoka jua lilipopanda, kwa kuwa jua lenyewe halikuonekana. Kijito cha bondeni, ambacho kiangazi mtu hukivuka bila kulowesha goti, kilianza kunguruma, na ngurumo ile ilisikika ndani ya nyumba, chakulani, usingizini.

Bi Mize aliacha kula. Alikaa akiangalia mlango wa nyuma.

"Mama, hapa hakuna bahari," Odilia alimwambia. "Ni kijito tu. Bahari iko mbali, wewe mwenyewe umeipita njia yote ile na treni."

"Kwetu nako walisema iko mbali. Walisema iko nje ya mwamba."

"Hapa ni milimani."

"Na chumvi?"

"Mama, nakuomba. Unamtisha mtoto."

Bi Mize alimvuta Generosa kwenye mapaja yake. "Simtishi mke mwenzangu," alisema. "Namtazama."

Asubuhi iliyofuata Odilia alikuwa kwenye jiko la nje, anapuliza kuni mbichi zisizotaka kushika. Moshi na ukungu vilikuwa vimechanganyika hata hakuuona ukuta wa nyumba yake. Alipofanikiwa kuinjika uji, alirudi ndani kumwamsha mtoto. Kitanda kilikuwa kitupu. Mkeka wa Bi Mize haukuwapo. Birika halikuwapo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na nje yake hakuna kitu, weupe mtupu, kana kwamba nyumba imeng'olewa na kutundikwa hewani.

Aliita. Sauti yake ilikwenda hatua chache ikafa. Aliita tena jina la mtoto, akakimbia upande wa barabara, akajikwaa kwenye tuta la maharage, akasimama. Nyayo zilikuwa zimefutwa na mvua. Upande gani? Mtu anayeogopa maji atapanda, alijiambia. Akapanda mpaka kwenye mawe, mpaka kwenye kibanda cha Esteri, akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Hawajapita hapa," Esteri alisema. Alikuwa amekwisha kushika jembe lake na kujifunga kitenge. "Njia ya kupanda ni hii moja. Wangepita ningesikia."

"Basi wako wapi?"

"Kwenye ukungu mtu hajui juu wala chini," Esteri alisema. "Anafuata pale mguu unapoona wepesi. Sisi tulipokimbia tulitembea tukidhani tunapanda. Tukajikuta tumerudi ziwani."

Odilia alielewa. Miguu yake ilikuwa tayari inashuka.

Walishuka pamoja, Esteri akitangulia na jembe. Odilia alifungua mdomo kuita, Esteri akamshika mkono. "Usipige kelele. Mtu aliyeogopa akisikia kelele anakimbia zaidi. Sikiliza tu."

Walisikiliza. Kijito kilinguruma, mahali kisipopaswa kuwa, karibu mno. Udongo ukawa tope, tope likawa maji, na maji yakawafika magotini mahali ambapo juzi palikuwa na matuta ya viazi vitamu. Bonde lilikuwa limejaa kwelikweli. Chini ya ukungu palikuwa na maji, ya kahawia, yanakwenda bila kishindo, yamebeba mabua na makapi. Odilia aliyatazama yakipita kati ya miguu yake, na kwa mara ya kwanza aliamini kwamba mama mkwe wake hakuwa mgonjwa.

Ndipo wakasikia mtoto anakohoa.

Walikuwa juu ya kichuguu, mbele yao, hatua chache tu ndani ya ukungu. Bi Mize amesimama wima, mkeka umefungwa mgongoni, Generosa amekaa mabegani kwake ameshika kichwa cha bibi yake kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamekizunguka kichuguu pande zote.

"Mfereji," Esteri alisema. Wanakijiji walikuwa wamechimba mfereji wa kuondoa maji shambani, una kina cha mtu mzima, na sasa haukuonekana. Alianza kuchoma maji kwa mpini wa jembe. Mpini ulizama wote. Akasogea, akachoma tena. Ukazama. Akasogea tena, na hapo ukagota juu ya gogo la kuvukia. "Ni hapa. Shika mpini. Ukiteleza usiuachie."

Odilia alivuka. Gogo lilikuwa linateleza kama kambale, na katikati, mahali lilipobonyea, maji yalimfika kifuani yakamsukuma, akahisi mguu mmoja hauna kitu chini yake. Hakujua alivukaje. Alijikuta ameng'ang'ania majani ya kichuguu, anatapika maji ya tope.

"Mama. Nimekuja. Nipe mtoto."

Bi Mize alirudi nyuma nusu hatua, na nyuma yake hapakuwa na hatua nyingine. "Huko ulikotoka ni baharini," alisema. Midomo yake ilikuwa ya bluu. "Imetuzunguka. Nilikwambia itakuja kwa nyuma."

Odilia alitaka kusema kwamba hakuna bahari. Maneno hayo alikuwa ameyasema siku zote hizo, na yalikuwa yamewafikisha kwenye kichuguu hiki.

"Ndiyo, mama," alisema. "Maji yamekuja. Mimi najua mahali pa juu. Nilizaliwa huku."

"Saumu naye alisema anajua njia."

"Saumu alirudi ndani. Mimi sirudi ndani. Tunapanda moja kwa moja kwa Esteri, kwenye mawe. Nyumba tunaiacha."

"Tunaiacha?"

"Tunaiacha. Na cherehani. Na kila kitu."

"Hata ukikumbuka kitu njiani?"

"Hata nikikumbuka."

Bi Mize alimteremsha mtoto, akampa.

Walivuka mara mbili. Kwanza Odilia na Generosa, mtoto ameng'ang'ania shingo yake hata hakuweza kupumua vizuri, Esteri akiwavuta kwa mpini. Kisha Odilia akarudi kumchukua mama mkwe wake. Ile mara ya pili ndiyo iliyomtia hofu ambayo haikumtoka tena, kwa sababu katikati ya gogo Bi Mize alisimama akafumba macho, na maji yakawa yanawainamisha wote wawili. Odilia alimkumbatia kiunoni akangoja. Baadaye, akiulizwa, alisema alihesabu mpaka akasahau hesabu. Kisha mguu wa Bi Mize ukasogea.

Walipopanda walipita kando ya nyumba yao. Mlango ulikuwa bado wazi, na Odilia alinusa uji wake ukiungua jikoni. Mtoto alikuwa anatetemeka meno yakigongana. Ndani kulikuwa na blanketi, hatua chache tu. Alihisi macho ya Bi Mize yako mgongoni mwake. Akapita bila kugeuka.

Generosa aliugua kifua. Mvua ilipopungua walimpeleka hospitali kwa kumbeba kwa zamu, na huko Odilia alilala sakafuni kando ya kitanda, akisikiliza pumzi ya mwanawe ikikwaruza, akiogopa kila ilipokawia. Alipona. Wakarudi, si nyumbani, bali kwa Esteri, ambako Bi Mize alikuwa ametandika mkeka wake kwenye kona na kukataa kushuka. Maji yalikuwa yamefika kwenye jiko la nje, yakalivunja, yakaishia hapo. Nyumba haikuguswa.

Omary alirudi kutoka Busunzu kwa miguu sehemu kubwa ya njia, magari yakiwa yamekwama. Alikuta jiko limeanguka, mlango umefungwa kwa kamba, na ndani hakuna mtu. Hakumuuliza jirani yeyote. Watu walimwona akikimbia shambani, akashuka bondeni kwenye tope, akawa anatazama chini ya kila kichaka, mpaka mwenyekiti wa kijiji, mzee Leonidasi, alipomfuata na kumwambia kwamba wako juu.

Aliingia kwenye kibanda cha Esteri na suruali ya tope hadi mapajani. Alimtazama mkewe, mtoto, mama yake. Akakaa chini papo hapo mlangoni.

"Nilipomaliza chuo waliniuliza nataka mkoa gani," Omary alisema, bila kuulizwa. "Wenzangu wote waliomba pwani. Mimi niliomba ramani. Nikatafuta mahali palipopakwa rangi ya kahawia, rangi ya milima. Nikakuta Kasulu."

"Hukuniambia," Odilia alisema.

"Nilisema nimepangiwa."

Bi Mize alikuwa anamtazama mwanawe. "Nilikuwa nafikiri ulitukimbia sisi," alisema.

"Niliyakimbia maji, mama. Na ninyi nikawaacha huko."

Esteri aliinuka akaenda kuongeza kuni.

"Kiwanja cha juu hakitatolewa kirahisi," Omary alisema baadaye, akiwa amekwisha kunawa. "Leonidasi atasema tumepimiwa kule kule chini, na mpango ni mpango."

"Atasema," Odilia alijibu. "Nimekwisha kumwambia kwamba kule sirudi. Amesema ataandika barua wilayani. Nimemwambia aandike tukiwa tunajenga."

Bi Mize alisogea ukutani, mkeka ukabaki na nafasi, na Omary akaenda kukaa kando yake. Nje mvua ilikuwa imeanza tena kunyesha juu ya majani ya migomba. Wote wanne wakaisikiliza, na mtoto naye, ikawa hakuna aliyejifanya kwamba hasikilizi.